Kuziba matundu na kulainisha chumba cha injini: puti peke yake inatosha?

Boneti_Wazi aliuliza:

Wakuu salaam. Injini imeshatoka, nyaya zote zimeng'olewa, chumba cha injini ni kitupu kabisa. Matundu yako 30 na ushee: ya klipu za nyaya, ya skrubu za relei, ya vishikio ambavyo havirudi tena. Kuna matatu makubwa kwenye fayawoli (bati linalotenga injini na abiria), moja linafika milimita 50. Nataka bati lionekane halijawahi kutobolewa, kisha nipige rangi ileile ya bodi. Mpango ni kubandika wavu wa fiberi kwa nyuma, puti (rojo ya kusawazisha bati) juu, msasa, rangi. Kuna kasoro hapo? Na je, niyazibe yote au yapo ya kuacha?

MsasaNamba80 alijibu:

Mkuu, hiyo kazi itapendeza wiki ya kwanza. Puti ya poliesta ina unga wa talki ndani yake na inanyonya unyevu. Ukiziba tundu kwa puti, upande wa nyuma unabaki bila rangi, maji yanaingilia hapo, kutu inaanza kwenye ukingo wa bati na kutambaa chini kwa chini mpaka puti inabanduka. Halafu kuna mtikisiko, na joto la kupanda na kushuka kila safari. Bati na puti havitanuki sawasawa, kwa hiyo unatokea ufa wa duara unaochora tundu palepale lilipokuwa.

Tundu linajazwa kwa chuma. Puti ni ya kusawazisha tu, na ukiona inazidi milimita 3 rudi kwenye nyundo, bati halijanyooka.

Matundu madogo, tuseme hadi milimita 6: ng'arisha bati pande zote mbili mpaka chuma cheupe, sentimita 2 kuzunguka tundu. Weka kipande cha shaba kwa nyuma kikae sambamba na bati, hata bomba la shaba lililopondwa linafaa. Chuma kilichoyeyuka hakishikani na shaba, na shaba inabeba joto. Tumia mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe), waya wa 0.6 mm, gesi ya mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi. Anzia ukingoni, si katikati, gusa kama sekunde moja na kuachia, zunguka hadi tundu lifunge. Waya usiotumia gesi unawezekana, lakini unachoma kwa joto zaidi na kutapika cheche nyingi, na kwenye bati jembamba utajikuta unapanua tundu ulilokuja kuliziba.

Makubwa yakatie kiraka. Pima unene wa bati lililopo kwa vernia (mengi ni kati ya 0.7 na 1 mm) na utafute bati la unene huohuo. Kikae ndani ya tundu, si juu yake, na uache nafasi isiyozidi milimita 1 pande zote. Kishike kwa sumaku, piga pointi 4 mkabala: saa 12, saa 6, saa 3, saa 9. Kisha pointi moja upande huu, nyingine upande wa pili, na usiendelee mpaka uweze kulaza kiganja pale ulipochoma. Hapa ndipo wengi huharibu. Fayawoli ni bati pana na jembamba. Sehemu iliyopata moto inatanuka, ikipoa inajivuta kuliko ilivyokuwa, na ukichoma mstari mmoja mfululizo unapata bonde litakalomeza nusu kopo ya puti. Usipoze kwa maji pia.

Kusaga tumia diski ya msasa ya namba 60 au 80, saga mgongo wa weldi tu. Ukisaga na bati lenyewe linabaki kama karatasi. Ukimaliza weka taa kali ndani ya gari, wanapokaa abiria, zima taa za karakana, uangalie kutoka upande wa injini. Penye nukta ya mwanga, weldi haijafunga.

SpanaKumi alijibu:

Niongezee hapo, maana swali la matundu ya kuachwa halijaguswa.

Usizibe matundu ya kutolea maji, hasa yale ya chini ya kioo cha mbele na pembeni karibu na minara ya shokapu (bati zilizoinuka zinazoshika shokapu kwa juu). Ukiyafunga, maji yanalala na bati linaoza kutokea ndani. Matundu ya kwenye nguzo za chesisi ni njia ya hewa na ya kupulizia nta ya kuzuia kutu. Yakikuudhi macho weka vizibo vya mpira. Acha nati zilizochomelewa kiwandani kwa ajili ya vishikio vya paipu za breki, pointi za waya wa bodi (ethi), na loki ya boneti. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati usiiguse kwa grainda, puti wala rangi nzito. Nchi nyingi kuifuta ni kosa la jinai, haijalishi ulikuwa unapamba tu.

Kabla ya kuchoma tundu hata moja, rudisha injini ikiwa tupu kwa kujaribisha tu, funga masta ya breki, hozi za hita, kebo na tangi la maji ya rejeta. Kila tundu linalotumika libandike utepe wa rangi moja, la kuzibwa utepe wa rangi nyingine, kisha vitoe vyote tena. Kutoboa tena bati lililopakwa rangi tayari ni uchungu.

Na usalama: toa betri na kompyuta ya gari, ng'oa zulia na sponji iliyoshikana na fayawoli kwa ndani. Sponji hiyo inashika moto polepole bila wewe kuona, kwa hiyo kaa na kizima moto, na usiondoke mara tu baada ya kuchoma. Paipu za mafuta zisiwepo. Bati lenye zinki lisage mpaka zinki iishe, moshi wake unaleta homa. Na kamwe usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea: mabaki yake yakipata moto na mwanga wa weldi yanatoa fosjini, gesi ya sumu inayoua.

EpoksiKwanza alijibu:

Mafundi hawa wamesema vyema, mimi nichukue upande wa puti na praima (rangi ya msingi).

Wapo wanaoweka puti juu ya chuma kitupu kilichosagwa kwa 80. Inashika, sibishi. Ila kwa chumba cha injini naona heri praima ya epoksi iende kwanza, maana hapo kuna kona nyingi ambazo msasa haufiki na kutu inafika. Epoksi ikikauka, ikwaruze kwa 180, puti ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Usiweke puti juu ya praima ya asidi: asidi inavuruga ukaukaji wa puti na itabanduka.

Juu ya mstari wa weldi tandaza puti ya nyuzi za fiberi, nyembamba, kisha puti laini. Hadina (dawa ya kugandisha puti) iwe kama asilimia 2 kwa uzito, yaani gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti, soma kopo lako. Ikipungua puti inabaki laini chini. Ikizidi rangi ya hadina inapenya na kutokeza madoa juu ya rangi ya gari. Una dakika 4 hivi kabla haijaganda, basi changanya kidogo kidogo. Msasa mkavu: 80, 180, 320. Puti isiguswe na maji mpaka ifunikwe. Kisha praima ya kujazia, pulizia vumbi jeusi ili mabonde yajionyeshe, sugua 400 hadi 600, rangi. Rangi na praima za hadina zina isosianeti (kemikali inayodhuru mapafu), barakoa ya vumbi haikusaidii kitu. Tumia ya kuletewa hewa safi.

Upande wa eksozi ufanye kwa chuma kadiri unavyoweza, puti iwe kama utando tu, na kinga ya joto irudishwe.

Boneti_Wazi aliandika:

Nimeelewa wakuu, wavu wa fiberi nimeuacha. Mawili tu: asiye na mashine anaweza kutumia gundi ya bodi? Na ile mishono ya minara ya shokapu, naweza kuisaga iwe bapa?

MsasaNamba80 alijibu:

Gundi ya epoksi ya sehemu mbili inafaa kwa viraka vya fayawoli visivyobeba uzito. Bati liwe la chuma, si alumini, kwa sababu metali mbili tofauti zikipata unyevu zinaleta kutu. Kiraka kikae nyuma na kipishane na bati sentimita 2 na nusu kila upande, kibanwe mpaka gundi ikauke. Chomelea kwanza vyote vya kuchomelea, gundi iwe ya mwisho, kwani moto unaiunguza. Usiiweke kwenye minara wala nguzo za chesisi.

Mishono hiyo usiisage. Ni bati mbili au tatu zilizoshikwa kwa pointi za kiwandani, ukizisaga unakata kinachobeba shokapu. Anayetaka iwe bapa kabisa lazima achomelee mshono wote kwanza, vipande vya sentimita 2 kwa kurukaruka, ndipo asage mgongo. Njia nyepesi ni kukwangua silanti ya zamani kwa hita ya hewa na brashi ya waya, kupiga epoksi, kisha silanti mpya ya poliurethani iliyolainishwa kwa kidole chenye glavu. Silikoni ya bafuni usiisogeze hata karibu, rangi itatoka macho ya samaki (vishimo vidogo vya duara) na kuitoa tena ni kazi ya siku nzima.