Naomba ushauri: niwaamshe tena wanafunzi usiku watazame roketi ikirushwa, au niache?

Mwalimu wa Bahi

Mbukwenyi, wanajamvi.

Nafundisha fizikia kwenye sekondari ya kata huku upande wa Bahi. Tuna hosteli ndogo ya wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali. Kuna jambo linanikosesha usingizi wiki ya tatu sasa, naomba mawazo yenu.

Lilianza tarehe 16 Novemba 2022, siku Wamarekani waliporusha Artemis I kwenda kuzunguka mwezi. Sikuwa na kipindi, nikakaa ofisini, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Huku ilikuwa saa 3:47 asubuhi, jua limeshakuwa kali, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Kwenye simu, Florida ilikuwa saa 7:47 usiku, giza tupu, na roketi ya mita 98 imesimama imemulikwa taa. Injini zilipowaka, ule usiku ukapasuka. Wingu la moshi likawa la rangi ya chungwa, mnara ukaonekana kila chuma chake. Nilijikuta nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

Wanafunzi wawili waliokuwa wameleta madaftari waliganda nyuma ya kiti changu. Mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kwao usiku?" Nilifundisha mzunguko wa dunia wiki nzima kutokana na swali hilo, na walielewa kuliko miaka yote niliyotumia chungwa na tochi.

Basi mwaka huu Julai nikaamua nao waone, tena usiku, pamoja, mubashara. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, matroni akakubali. Kulikuwa na roketi ya satelaiti inarushwa Cape Canaveral, kulekule Florida, saa 3 usiku ya kwao, ambayo huku ni saa 10 alfajiri. Tukatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa, tukaazima projekta. Mnajua baridi ya Julai huku na ule upepo wake. Watoto walikaa uwanjani wamejifunika mablanketi. Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa kimeshapanda mashariki, na mmoja akatuonyesha jinsi bibi yake anavyokisoma kujua msimu. Nasema kweli, ile saa ya kusubiri ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya katika ualimu.

Hesabu ikafika sekunde arobaini, ikasimama. Tukasubiri. Mtangazaji akasema leo hairuki, wataangalia kesho. Binti mmoja wa kidato cha pili akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwa hiyo imekataa?" Sikuwa na jibu zuri.

Asubuhi nusu ya darasa walisinzia. Wazazi wawili walikuja kulalamika, na mkuu wa shule akaniambia nimepoteza usingizi wa watoto kwa kitu ambacho hakikutokea. Sasa watoto wananiuliza kila siku, "Lini tena?" Je, niombe ruhusa upya? Na nikiomba, nifanyeje ili isiwe vile tena?

Natanguliza shukrani.

Mama wa Watatu, Area C

Mwalimu, pole, na hongera. Mimi kama mzazi nakuambia wazi, wale wazazi wawili wana hoja. Mtoto wa hosteli akiamshwa saa 9 usiku kwenye baridi, mzazi wake yuko kilomita 40 na hana habari, lazima moyo umshtuke. Hukueleza kama mlipeleka taarifa nyumbani. Kama hamkupeleka, hapo ndipo palipoharibika, wala si kwenye roketi. Andika barua fupi, mtoto aende nayo mwisho wa wiki, mzazi asaini. Ukinipa mimi karatasi hiyo nasaini leo hii, na chai ya rangi nawaletea kwenye birika.

Kijana wa Kizota

Kwa nini usipakue tu video ya Artemis ukawaonyesha mchana? Ipo, picha safi, haikatiki, hailali mtu uwanjani.

Mwalimu wa Bahi

Dada wa Area C, ni kweli, hatukuandika barua. Nalibeba hilo.

Ndugu wa Kizota, video ninayo na nimeshawaonyesha. Walifurahi, wakapiga makofi, wakatoka. Ila tayari wanajua iliruka. Ile ya Julai hakuna aliyekuwa anajua, hata wale wenyewe walioijenga. Watoto walikuwa wameshikana mikono chini ya mablanketi. Hicho ndicho ninachokitafuta, na kwenye video iliyopita sikipati.

Niliishi Florida

Mwalimu, nilikaa Florida miaka miwili kimasomo, na hiyo Artemis unayoisema niliiona kwa macho yangu kutoka Titusville, ng'ambo ya mto, karibu kilomita 20 kutoka mnara wa kurushia. Ngoja nikueleze mambo ambayo simu haikukuonyesha, labda yatakusaidia kuwasimulia.

Kwanza mwanga. Unaanza kimya kabisa. Upeo wa macho unawaka kama jua linachomoza mahali pasipo pake, maji yote ya mto yanageuka rangi ya shaba, unamwona usoni mtu aliye kando yako ambaye dakika moja iliyopita ulikuwa unamsikia tu. Roketi inapanda na bado hakuna sauti. Watu tulikuwa maelfu pale na hakuna aliyesema neno. Halafu, baada ya karibu dakika nzima, sauti inafika. Haianzii masikioni, inaanzia kifuani, kama lori la kokoto linapita juu ya daraja la mbao na wewe uko chini yake. Wewe ni mwalimu wa fizikia, piga hesabu: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, na pale ni kilomita 20. Nilihesabu kwa vidole huku nalia.

Jambo la pili ni kuhusu "imekataa". Artemis ile ile iliahirishwa tarehe 29 Agosti 2022, ikaahirishwa tena tarehe 3 Septemba kwa sababu hidrojeni ilikuwa inavuja, kisha kimbunga Ian kikawalazimisha kuirudisha bandani. Hata usiku ule wa Novemba vali ya hidrojeni ilivuja tena, wakapelekwa mafundi hadi chini ya roketi iliyokwishajazwa mafuta, wakakaza nati kwa mikono. Fikiria hilo. Roketi iko juu yao inatoa mvuke na kulia kama kitu hai, nao wameshika spana. Mwambie yule binti kwamba haikukataa. Kuna mtu aliona namba isiyomridhisha akasema simama, na ana mamlaka ya kusema hivyo hata kama dunia nzima inatazama.

Fundi Sola Kibaigwa

Naongea upande wa vifaa tu.

Usitegemee laini moja. Weka simu mbili za mitandao tofauti. Moja iunganishe na kompyuta kwa ajili ya picha, ya pili ifungue matangazo hayohayo ila sauti tu, uiunganishe na spika. Picha ikikwama, sauti inaendelea na watoto hawapotezi hesabu. Shusha ubora wa picha hadi 480, kwenye shuka hakuna atakayeona tofauti. Ingia nusu saa kabla.

Umeme: betri ya gari iliyojaa na inveta inatosha kuendesha projekta ndogo na kompyuta kwa muda wa onyesho. Pima siku moja kabla, usipime siku hiyohiyo. Nina inveta ya kuazimisha, nakuja Bahi kila Alhamisi ya mnada.

Mtu wa Ngomeni

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Naomba niongeze kitu ambacho wengi wa kizazi hiki hawaambiwi shuleni. Roketi zimewahi kurushwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Hapa Ngomeni karibu na Malindi kuna majukwaa ya San Marco, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Waitaliano waliyajenga, na roketi za Scout ziliruka kutoka pale tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama mionzi ya eksi kutoka kwenye nyota, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili limo kwenye vitabu vya wanaanga wa dunia nzima.

Waulize wanafunzi wako kwa nini Waitaliano walisafiri hadi kwetu. Jibu ni mstari wa ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu wa ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kila saa, na nyie Dodoma ni kama 1,660. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inapewa msukumo huo bure. Florida iko mbali zaidi na ikweta, inapata pungufu.

Mwalimu wa Bahi

Nimesoma mara mbili hiyo ya Uhuru. Miaka kumi na moja nafundisha, na sikuwahi kuitaja darasani. Asante sana, ndugu.

Mzee wa Mpwapwa

Mwanangu Mwalimu, nilistaafu ualimu miaka mingi iliyopita, niruhusu nikushauri kama mzazi.

Mkuu wako wa shule usimfanye adui. Anajibu mbele ya bodi na mbele ya wazazi, wewe unajibu mbele ya watoto tu. Nenda kwake na mpango ambao hata usipofanikiwa haumgharimu kitu.

Na mpango huo umeuandika mwenyewe kwenye uzi wako bila kuuona. Artemis kwao ilikuwa saa 7 usiku kupita, kwako ilikuwa saa 3 asubuhi. Sisi tuko mbele yao saa saba, na kuanzia Novemba hadi Machi saa nane. Roketi inayorushwa kwao jioni ndiyo inayokuangukia alfajiri. Ile inayorushwa baada ya usiku wao wa manane inakuangukia kati ya asubuhi na mchana, watoto wameshakunywa uji, wamevaa sare. Chagua hizo. Ikiahirishwa, umepoteza kipindi kimoja, na utakitumia kufundisha kwa nini imeahirishwa. Ziba madirisha ya maabara kwa mashuka, giza unalo.

Mwalimu wa Bahi

Mzee, shikamoo. Nimekaa na simu mkononi nacheka peke yangu kwa furaha. Ni kweli kabisa, na sikuliona.

Ila nina donge dogo. Lile giza la uwanjani, nyota juu, mablanketi, naliacha hivihivi?

Mzee wa Mpwapwa

Marahaba. Hilo waachie wanaojua anga, mimi nimemaliza langu.

Niliishi Florida

Usiliache, Mwalimu. Tumia kituo cha anga za juu cha kimataifa. Kinapita juu ya Bahi, kilomita kama 400 tu kwenda juu, na ndani yake mna watu. Kinaizunguka dunia kila dakika 90 hivi. Kukiona unahitaji macho tu: baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, chini kuna giza lakini kule juu bado kinapigwa na jua. NASA wanatoa bure ratiba ya kila mji, weka Dodoma. Ni nukta nyeupe, kali, haipepesi kama ndege, inakata anga kwa dakika tano au sita hivi. Mara nyingine inazima katikati ya anga, imeingia kwenye kivuli cha dunia. Anga la Dodoma kiangazi halina mfano, tulio mijini tunalionea wivu. Saa moja jioni, hakuna wa kuamshwa, hakuna bando.

Mama wa Watatu, Area C

Na hiyo naileta familia yangu yote. Chai iko palepale.

Mwalimu wa Bahi

Wanajamvi, mrejesho, kama nilivyoahidi kwenye ujumbe wa faragha kwa baadhi yenu.

Mkuu wa shule alikubali mara moja nilipomwambia ni saa 4 asubuhi. Barua zilikwenda, zikarudi zimesainiwa zote, hata za wale wazazi wawili.

Kituo cha anga tulikiona Jumanne. Kilitokea upande wa magharibi juu ya mbuyu ulio nyuma ya jiko. Watoto walinyoosha vidole wote kwa wakati mmoja, halafu wakaanza kukipungia mikono. Mpishi naye alitoka na mwiko wake.

Roketi ilikuwa Alhamisi. Fundi alikuja mwenyewe na inveta, Mungu ambariki. Tulibanana 63 kwenye maabara, mashuka madirishani, joto, giza. Zilipobaki sekunde kumi na mbili picha ikakwama. Nusu ya darasa wakaguna. Lakini ile simu ya pili ikaendelea, sauti inahesabu, na wakaanza kuhesabu nayo kwa Kiswahili, nne, tatu, mbili, wakiitazama roketi iliyoganda ukutani. Picha ikarudi moto umeshawaka na inapanda. Sina namna ya kuandika kelele zilizopigwa.

Yule binti wa kidato cha pili hakupiga kelele. Alikuwa amekaa mbele, ameinua saa ya mkononi aliyoazima kwa matroni, midomo inachezacheza. Nikamwinamia nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia nisubiri kwanza. Kisha akashusha mkono, akasema, "Sasa hivi, Mwalimu. Watu wa ng'ambo ya mto ndiyo wanaisikia."