Ratiba ya springla: laini nne, saa 3 asubuhi maji bado yanatoka

Bomba_Bichi: Habari zenu wakuu. Nina springla za nyumbani, laini nne kwenye taimu moja inayofungua na kufunga maji yenyewe. Ya 1 na ya 2 ni vichwa visivyozunguka, ziko mbele kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi. Ya 3 ni vichwa vinavyozunguka, iko nyuma kwenye jua kali. Ya 4 ni ya matone, ya maua. Kila laini ina dakika 20 kila siku, na saa za kuanza nimeweka nne: 10:00, 10:20, 10:40 na 11:00 alfajiri. Cha ajabu, saa 3 asubuhi maji bado yanatoka! Mbele yanatiririka mpaka getini, nyuma nyasi zina mabaka ya njano. Niongeze dakika za nyuma?

Kivuli: Mwagilia usiku mkuu, upepo umetulia.

Fundi_Mstaafu: Usiku nyasi zitalala mbichi mpaka asubuhi, na ukungu unapenda hivyo. Alfajiri ni sahihi, jua likitoka majani yanakauka.

Bomba_Bichi, usiongeze chochote kwanza. Tatizo ni hizo saa za kuanza. Kwenye taimu nyingi saa ya kuanza si ya laini moja, ni ya programu nzima, yaani kundi la laini zilizopangwa pamoja. Ikigonga 10:00 zinafunguka laini zote nne kwa zamu. Ile ya 10:20 inakuta kazi haijaisha, inapanga foleni, na nyingine vivyo hivyo. Kila laini inapata dakika 20 mara nne. Jumla saa 5 na dakika 20. Ndiyo hiyo saa 3 yako.

Pili, dakika sawa kwa kila laini ni uvivu wa mafundi wanaofunga na kuondoka. Panga makopo yanayofanana, ya pande zilizonyooka, mengine karibu na vichwa, mengine katikati. Fungua dakika 15, pima kina kwa rula, chukua wastani uzidishe kwa nne: hizo ni milimita kwa saa. Vichwa visivyozunguka mara nyingi hutoa karibu 40, vinavyozunguka 10 hadi 15. Nyasi wakati wa joto zinataka kama milimita 25 kwa wiki, mvua ikiwemo. Ukigawa siku mbili, mbele ni kama dakika 18 kwa siku, nyuma ni saa nzima.

Ila mfinyanzi haumezi dakika 18 kwa mkupuo, ndiyo maana geti linaoga. Laini ya 1 na ya 2 ziweke programu A, dakika 6 kila moja, ianze 10:00, 10:40 na 11:20. Hapo ndipo saa nyingi za kuanza zina kazi: maji yanapata nafasi ya kuzama. Laini ya 3 iwe programu B, siku nyingine. Matone yapewe programu C, muda mrefu zaidi, maana yanatoka polepole.

Kuhusu mabaka, chomeka bisibisi ndefu. Ikigoma, pana kiu. Ikizama kama kwenye uji, umezamisha mizizi.

Bomba_Bichi: Asante sana mzee wangu. Zile saa za kuanza za ziada, zote tatu, nimezifuta, maji sasa yanazima kabla sijaamka. Kwenye mabaka bisibisi inagoma, na makopo ya pale katikati yana nusu tu ya yale ya pembeni ukutani. Vichwa vyote ni vya aina moja.

Fundi_Mstaafu: Vya ukutani vinazunguka nusu duara, cha katikati duara zima, sivyo? Nozeli, yaani vile vitundu vya kutolea maji, zikiwa sawa, cha nusu duara kinapita mahali pale pale mara mbili wakati cha katikati kimepita mara moja. Kwa hiyo pembeni panalewa, katikati panakauka, na dakika haziwezi kurekebisha hilo. Badilisha nozeli: cha katikati kipe inayotoa lita mara mbili ya zile za ukutani. Kisha rudia makopo ndipo upange dakika.

Kivuli: Na akiba ya tangi je, si itaisha?

Fundi_Mstaafu: Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima uwanja wako, zidisha, utajua kabla pampu haijavuta hewa.

Bomba_Bichi: Mita 80 za mraba mara 25, lita 2,000 kwa wiki. Kumbe nilikuwa namwagilia barabara.