Muadhini mwenye betri ya kifafa kifuani: sauti inakatika katikati ya adhana, nifanyeje?

Mwana wa Ngamiani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Tanga mjini. Kifafa ninacho tangu nina miaka 11, na dawa peke yake zilishindwa. Mwaka 2022 ukoo ulichangishana, nikaenda India kuwekewa kifaa. Kimekaa chini ya ngozi, kifua cha kushoto, waya wake umepanda shingoni ukaviringwa kwenye neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni. Kila baada ya dakika tano kinapiga umeme mdogo kwa sekunde 30, usiku na mchana. Alhamdulillahi, zamani nilianguka mara nne tano kwa wiki, sasa hata mwezi unapita. Dawa bado nameza.

Shida ni sauti. Mimi ni muadhini, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Kifaa kikianza kupiga, koo linabana na sauti inakwaruza. Adhana yangu inachukua kama dakika nne, kwa hiyo mara nyingi hainiishi salama. Alfajiri ya Jumatatu kilinikuta kwenye "Hayya alal-falah", pale pa kuvuta. Sauti ikapasuka kwenye kipaza, mtaa mzima umesikia. Mzee mmoja akaniambia kwa upole nipumzike, aadhini mwingine. Nilirudi nyumbani nikalia. Niache?

Mama Salha:
Waalaykum salaam mwanangu, pole sana. Usiache. Binti yangu anacho hichohicho na anaimba kaswida. Ulipewa sumaku, ile ya kuvaa mkononi kama saa? Ukiipitisha juu ya kifaa mara moja, kinapiga pigo la ziada, ndiyo maana tunaitumia akihisi dalili za kuanguka. Lakini ukiishikilia palepale, kinanyamaza mpaka uitoe. Binti yangu akipanda jukwaani tunaibandika kwa plasta, akimaliza tunaitoa pale pale. Daktari wake ndiye aliyeturuhusu, nawe muulize wako kwanza, maana muda ule kimezimwa huna kinga yake.

Jirani wa Chumbageni:
Haya mambo ya kichwa mengine ni pepo. Kitoe hicho chuma, utafute mtu akusomee.

Nesi wa Zamani:
Ndugu yangu hapo juu, kusomewa dua hakuna anayekukataza, ila usimwambie mtu atoe kifaa kilichompunguzia kuanguka. Nimewauguza walioungua jikoni kwa kifafa, nimeona na aliyezama kina cha magotini. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo.

Muadhini, neva hiyo ndiyo yenye tawi linaloendesha nyuzi za sauti, ndiyo maana inakwaruza. Haujakosea kitu wala koo lako halijaharibika. Daktari anaweza pia kupunguza nguvu ya umeme kwa kuweka kifaa chake cha kupangia juu ya kifua, bila kupasua. Na kwa kuwa unakaa karibu na spika za msikiti: spika kubwa zina sumaku, usiziegemeze kifuani wala kuzibeba kwa kuzikumbatia. Mashine ya kinyozi vilevile isikae juu ya kifaa. Ukienda kuchuliwa mgongo au goti, kataa mashine za joto la umeme, zinaweza kupasha waya moto ndani ya mwili. Kadi ya kifaa itembee nawe. Sumaku yenyewe usiiweke mfuko mmoja na kadi ya benki.

Mwana wa Ngamiani:
Kweli, goti langu lilikuwa lifanyiwe hiyo ya joto mwezi jana kwenye kliniki moja, hakuna aliyeniuliza nina nini kifuani. Umeme wa mtaa ulikatika, nikarudi nyumbani. Mungu alinificha.

Mwana wa Ngamiani:
Nimerudi. Daktari nimempata kwa simu, ameruhusu sumaku kwa adhana tu, na safari ijayo atapunguza nguvu. Alasiri ya leo mdogo wangu alinibandikia plasta, akasimama nyuma yangu muda wote. Nimevuta "Hayya alal-falah" zote mbili mpaka mwisho. Sumaku nimeitoa kabla ya kukimu, na yule mzee alikuwa safu ya kwanza.