Mjadala: Mtafsiri kututajia muuaji mwanzoni, ni haki yake au ametuibia?

Mtazamaji wa Soweto (Mbeya):
Wakuu, nina hasira na naomba tulizungumze hili. Nimewekewa kwenye flashi ile sizoni ya Sherlock ya BBC, ya mpelelezi Sherlock Holmes, ya Benedict Cumberbatch na Martin Freeman. Epsodi ya kwanza kabisa, A Study in Pink, iliyotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Kwa ambao hawajaiona: London watu wanakutwa wamekufa kwa sumu waliyoimeza wenyewe, kwenye majengo ambayo hawakuwa na shughuli nayo, na hawajuani hata kidogo. Polisi wamekwama. Mwanzo tu tunaonyeshwa bwana mmoja mkubwa yuko na simu sikioni, gari lake halijaja, anaambiwa achukue teksi. Hapo hapo mtafsiri anapaza sauti: "Dereva teksi ndiye anayewamaliza hawa, subirini mtaona!"

Epsodi ni ya saa moja na nusu. Saa moja na nusu nzima nimekaa namsubiri Sherlock agundue kitu ambacho mimi nilishaambiwa. Swali langu: mtafsiri ana haki gani ya kufanya hivyo? Kazi yake si kutuambia wanachosema?

Kijana wa Tunduma:
Mkuu, na wewe si umetutajia hapa hapa? Mimi nilikuwa nayo kwenye foleni.

Mtazamaji wa Soweto:
Ilirushwa Julai 2010, mdogo wangu. Na nisingeweza kuuliza swali bila kusema alichosema. Nijibu swali.

Mama Parachichi (Tukuyu):
Mimi nitakujibu, kaka, na sitakuficha, umenigusa pabaya. Wewe unajua Kiingereza, hivyo mtafsiri kwako ni kero. Mama yangu mzazi hajui Kiingereza wala maandishi ya chini hayafuati, yanakimbia. Bila hao watafsiri angekuwa anaangalia watu wanatembea na kufungua midomo. Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua. Tangu enzi za mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, mtafsiri hakuwa mkalimani wa mahakamani. Alikuwa anasimulia, anaonya, anamkemea adui, anamsifu steringi. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kwa ajili ya sauti yake, muvi yenyewe walishaiona. Leo unataka awe bubu?

Mtazamaji wa Soweto:
Dada, sijasema awe bubu na sijamgusa mama yako, Mungu amuweke. Hizo zilikuwa muvi za ngumi. Ukiniambia steringi atashinda hujaniondolea kitu, kila mtu anajua atashinda. Hii ni ya upelelezi. Ukimtaja muuaji umemnyima hata huyo mama haki ya kukisia. Au wazee hawapendi kukisia?

Mama Parachichi (Tukuyu):
Mama alikisia mapema kuliko wewe. Alisema "huyo wa gari" kabla mtafsiri hajamaliza sentensi.

Mkali wa Mafiati:
Naungana na mleta mada. Tena mwanzo wa epsodi ile umepangwa kwa ufundi mkubwa. Wa kwanza anaambiwa chukua teksi. Wa pili ni kijana, yuko kwenye mvua na mwenzake, wanahangaika kusimamisha teksi, anarudi kuchukua mwavuli ndiyo haonekani tena. Wa tatu ni naibu waziri wa uchukuzi, amelewa, wamemficha funguo za gari. Wote watatu wamekosa usafiri! Ushahidi umewekwa mezani mbele yako na hauuoni. Huo ndio utamu, na mtafsiri kaumwaga chini.

Ila kuna kitu kimoja mimi sikikubali kwenye ile epsodi yenyewe. Dereva teksi kuwa na akili ya kumshinda Sherlock? Anaongea kama profesa, anasoma mawazo ya watu? Madereva ninaopanda nao mimi kutoka Mafiati hadi Kabwe hata chenji ya elfu tano wanapiga hesabu mpaka abiria amsaidie. Hapo waandishi walizidisha.

Bajaji Kabwe:
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini hapa siwezi kupita. Mkali, nina diploma ya uhasibu. Naendesha bajaji kwa sababu ajira hazikuja na watoto wanakula kila siku. Tukichelewesha chenji ni kwa sababu unatoa noti kubwa saa kumi na mbili asubuhi kwa nauli ndogo, halafu unashuka umenuna. Umewahi kujiuliza tunaweza kufikiri nini muda wote ule tukiwa tumekupa mgongo?

Mkali wa Mafiati:
Kaka usichukulie kibinafsi. Nimesema "ninaopanda nao".

Bajaji Kabwe:
Unapanda nami. Mafiati–Kabwe ni njia yangu.

Kijana wa Tunduma:
Hapo patamu 🔥

Binti Gangilonga (Iringa):
Mkali umekosea kwa ukweli, siyo kwa heshima tu. Ili uendeshe zile teksi nyeusi za London unafanya mtihani wanaouita Knowledge, upo tangu karne ya 19. Unakariri mitaa kama 25,000 ndani ya maili 6 kuzunguka Charing Cross, na watu wanausomea miaka mitatu, minne. Unakaa mbele ya mtahini, anakutajia sehemu mbili, wewe unataja mtaa kwa mtaa bila ramani. Mwaka 2000 watafiti wa chuo kikuu cha London, UCL, walipima ubongo wa wale madereva wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kukumbuka njia, ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Sasa rudi kwenye epsodi: pale Sherlock anapoikimbiza teksi kwa miguu kupitia vichochoro na juu ya mapaa, anachofanya kichwani ndicho kile kile wanachofanya madereva. Wamelinganishwa makusudi. Huyo mzee alikuwa ndiye mtu pekee London anayeujua mji kama yeye.

Mkali wa Mafiati:
Hao ni wa London. Mimi naongelea Mafiati.

Bajaji Kabwe:
Unaongelea watu.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa):
Habari zenu vijana. Nimesoma mjadala wote. Naomba niongeze kwamba jambo la dereva halikubuniwa na BBC. Riwaya ya Conan Doyle ya 1887, ile ya kwanza ya Sherlock Holmes, nayo muuaji ni dereva, wa gari la farasi, na vidonge viwili, kimoja sumu kimoja salama, vimo humo humo. Tofauti ni sababu. Wa kitabuni alikuwa analipa kisasi cha mapenzi, na mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umevimba karibu kupasuka. Wa kwenye tamthilia ana uvimbe kama huo kichwani, hana kisasi na yeyote, analipwa fedha kwa kila mtu anayemuua ili watoto wake wasiachwe mikono mitupu. Hivyo aliyesoma kitabu alishamjua muuaji kabla ya kuwasha luninga, na bado alifurahia. Kujua si lazima kuharibu.

Mtazamaji wa Soweto:
Shikamoo Mwalimu. Nakuheshimu sana, ila aliyesoma kitabu alichagua mwenyewe kukisoma. Mimi nimekabwa nikiwa nimekaa.

Mwalimu wa Kihesa (Iringa):
Marahaba. Hoja yako naiona.

Bajaji Kabwe:
Mwalimu ahsante, umenipa la kusema. Siri yote ya epsodi ni swali la Sherlock: nani anapita popote bila kuonekana, nani anawinda katikati ya umati? Jibu ni dereva, kwa sababu London abiria anaona gari, haoni mtu. Mama Hudson, mwenye nyumba wake, anapanda ngazi kumwambia Sherlock kuna teksi inamsubiri, na Sherlock, mwenye macho yale yote, anamwambia sijaita teksi, aondoke! Yule mzee yuko ngazini kwake na hamuoni. Ile sehemu niliitazama nikasimama.

Hapa Mbeya haiwezekani. Kituo chetu tunajuana kwa majina, kwa kijiji, kwa mke. Abiria ana namba yangu ya simu kuliko ya shemeji yake. Mtu akipotea usiku, swali la kwanza mtaani ni "alipanda kwa nani?" na ndani ya saa moja jina limeshapatikana. Ile hadithi inahitaji mji ambao dereva hana jina. Halafu mtu kama Mkali anatupanda kila siku na anasema hesabu hatujui.

Mkali wa Mafiati:
Bado tu? Sawa, wewe unajua hesabu. Lakini naona unamhurumia muuaji kwa sababu mnashika usukani wote wawili. Watu wanne wamekufa.

Bajaji Kabwe:
Sijasema simlaumu. Nimesema namuelewa baba anayeambiwa atakufa muda wowote na hana cha kuacha.

Mama Parachichi (Tukuyu):
Hapana mwanangu, hapo hapana. Na yule mama wa nguo za pinki aliyekufa anakwangua sakafu kwa kucha kuandika jina la mwanawe aliyezaliwa mfu? Yeye hakuwa mzazi? Mimi nimewasomesha watoto kwa parachichi na ndizi, kuna miaka bei ilianguka tukabaki tunatazamana. Shida ya watoto isitumike kama kibali.

Bajaji Kabwe:
Mama, sijasema kibali.

Mama Parachichi (Tukuyu):
Umesema "namuelewa" mbele ya watu. Wapo vijana wanasoma hapa.

Kijana wa Tunduma:
Mimi ninayesoma nilidhani polisi walimpiga risasi vizuri tu, mambo yakaisha.

Binti Gangilonga (Iringa):
Siyo polisi. Ni Daktari Watson, yule mwanajeshi aliyetoka Afghanistan. Aliingia jengo lisilo lenyewe, chuo walikokuwa Sherlock na muuaji kina majengo mawili pacha, akawaona kupitia dirishani upande wa pili, akafyatua.

Mtazamaji wa Soweto:
Jamani, naomba turudi kwa mtafsiri, kwa sababu lililo kubwa zaidi sijalisema. Mwishoni mzee anamwekea Sherlock vidonge viwili, achague kimoja na kinachobaki ameze yeye mzee. Sherlock ameshika kidonge alichochagua, anataka kukimeza kuthibitisha kwamba amepatia. Risasi inapigwa. Anamuuliza mzee anayekufa: nilipatia? Mzee hajibu. Anamkanyaga jeraha, na kinachotoka mdomoni ni jina moja tu la aliyekuwa anamlipa, Moriarty. Mpaka leo hakuna anayejua kidonge kilikuwa kipi. Sasa sikilizeni mtafsiri wetu alichosema: "Kile alichoshika Sherlock kilikuwa kizima, alikuwa ameshinda." Kakitoa wapi? Hakimo! Hiyo ni hadithi yake ametuuzia kwa jina la BBC. Dada wa Tukuyu, hilo nalo utalitetea?

Mama Parachichi (Tukuyu):
Hilo silitetei. Kuongeza kisichokuwepo ni uongo. Lakini kumtaja muuaji bado namtetea, lile lilikuwemo.

Mkali wa Mafiati:
Mimi nasema Sherlock alipatia kweli. Mtu mwenye akili ile hakosei.

Bajaji Kabwe:
Alikosea. Mzee alicheza na wanne na wote wanne alishinda. Angeshindwa na wa tano kwa nini? Na Sherlock alikuwa na njia ya kutoka. Alishagundua kwamba ile bastola aliyotishiwa nayo ni kiberiti cha sigara, angeweza kuondoka zake. Alirudi kwa kiburi cha kutaka kujua. Watson asingefyatua, tungemzika Sherlock epsodi ya kwanza.

Mkali wa Mafiati:
Unataka dereva ashinde, basi.

Bajaji Kabwe:
Nataka utazame kilichopo.

Mwanasheria Njombe:
Nimeingia kuchelewa, mniwie radhi. Hakuna aliyegusa suala la Watson, na kwangu ndilo zito. Yule mzee hakuwa na silaha. Hakumgusa Sherlock. Sherlock ndiye aliyeinua kidonge kwa mkono wake mwenyewe. Sheria yetu inatambua kujitetea na kumtetea mwenzako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Watson amempiga risasi mtu asiye na silaha, kutoka jengo lingine, kwa bastola ya jeshini ambayo hakupaswa kuwa nayo. Hapa kwetu angesimama Mahakama Kuu kujibu.

Binti Gangilonga (Iringa):
Angesubiri mpaka rafiki yake ameze? Sumu haina rufaa.

Mwanasheria Njombe:
Angeweza kupiga dirisha, kupaza sauti, kupiga risasi ukutani. Dada yangu, ni daktari, anajua risasi inafanya nini kwenye mwili.

Mama Parachichi (Tukuyu):
Mimi Watson namsamehe.

Mwanasheria Njombe:
Kusamehe ni kwako mama, na ni jambo jema. Mimi nazungumzia mashtaka.

Kijana wa Tunduma:
Lakini Inspekta Lestrade alijua! Sherlock anamweleza mpigaji: mwanajeshi, mkono hautetemeki, amezoea vita, ana msimamo mkali wa kimaadili. Katikati ya maelezo anamuona Watson amesimama pale, anakatisha, anamwambia Lestrade puuza yote niliyosema, ni mshtuko tu, si unaona nina blanketi. Askari wa uzoefu ule ameelezwa mtu karibu kila kitu, na mtu mwenyewe yuko hatua chache kutoka hapo. Haiwezekani asijue.

Mwanasheria Njombe:
Kama alijua akanyamaza, basi na yeye ana kesi.

Bajaji Kabwe:
Hapo mwanasheria nakuunga mkono. Dereva alilipa kwa maisha yake. Daktari, mpelelezi na inspekta wakaenda zao kula chakula cha Kichina.

Mkali wa Mafiati:
Chakula walienda wawili tu, Sherlock na Watson. Lestrade alibaki kazini.

Bajaji Kabwe:
Wawili, sawa. Kesho asubuhi ukipanda njoo na hela iliyovunjwa, tutaendelea njiani.