Msaada wa insha: jeshi la Myanmar lilikuwa na karibu kila kitu, lilipindua ya nini?

mleta mada
Wakuu, nimekwama. Katiba ya 2008 jeshi lilijitengenezea lenyewe: robo ya viti bungeni bila kupigiwa kura, na vifungu vikuu havibadilishwi bila kura zaidi ya 75%. Mawaziri wa Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mipaka anawateua mkuu wa majeshi. Aung San Suu Kyi mwenyewe, kiongozi wa serikali ya kiraia, alikwenda The Hague mwaka 2019 kuitetea nchi kwenye kesi ya mauaji ya kimbari ya Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo. Sasa 1 Februari 2021 walipopindua serikali walitafuta nini? Mhadhiri ameshasema "uchu wa madaraka" hataki kulisikia.

kobe_mzee
Uchu upo, tusidanganyane. Ila haukuambii kwa nini 2021 na si 2016, NLD, chama cha Suu Kyi, walipoingia serikalini. Anzia hapo.

hesabu_kwanza
Piga hesabu. Uchaguzi wa Novemba 2020 NLD walizoa viti 396 kati ya 476 vilivyopigiwa kura, chama cha jeshi 33. Rais anachaguliwa na wabunge. Wabunge wanajeshi 166 wa ile robo ukijumlisha 33 unapata 199, na nusu ya viti vyote 664 ni 332. Mkuu wa majeshi, Min Aung Hlaing, alikuwa anatimiza miaka 65 Julai 2021, umri wa kustaafu. Kura ya kuzuia katiba isiguswe haimpi mtu urais.

dada_wa_pwani
Mkuu, usimbebeshe mtu mmoja. Machi 2020 bunge lilipigia kura pendekezo la NLD la kupunguza ile robo kidogo kidogo. Lilikwama, lakini ujumbe ulifika. Jeshi lina makampuni makubwa, MEHL na MEC, na lina kesi za kuogopa. Ushauri wangu: badala ya kuuliza walikosa nini, uliza walikuwa wanakaribia kupoteza nini.

mleta mada
Asanteni. Na Sudan niiweke?

kobe_mzee
Iweke, aya moja tu. Oktoba 2021, jeshi la huko lilipopindua, mkuu wake Jenerali Burhan alikuwa tayari mwenyekiti wa Baraza la Utawala lililoongoza nchi, na kiti kilikuwa kinakaribia kwenda kwa raia. Halafu usisahau hili la Myanmar: walimkamata Rais Win Myint, makamu Myint Swe aliyependekezwa na jeshi akakaimu, akatangaza hali ya hatari na kumkabidhi Min Aung Hlaing madaraka. Waliivunja katiba huku wakiinukuu. Mhadhiri atalipenda hilo.