Mjadala: Kalamu ya wino ya bei nafuu ni kalamu kamili au tunajidanganya?

Tone la Wino
Miezi minane sasa naandikia Jinhao 599, kalamu ya wino ya Kichina ya bei nafuu, kurasa mbili tatu kila siku, na haijaniangusha. Juzi rafiki yangu kaiona, akasema hiyo ni Lamy Safari, ile kalamu ya Kijerumani, ya kuiga, na asiyeweza kununua kalamu ya wino ya maana heri abaki na bolpeni. Neno hilo limenikaa. Ninyi mnaonaje?

Mzee wa Dawati
Mwanangu, rafiki yako yuko sahihi nusu. Kughushi ni kubandika jina la mwenzako kwenye kazi yako, na Jinhao wameandika jina lao. Ila umbo wamelichukua. Safari iko sokoni tangu 1980, aliyewahi kuishika haikosei. Mimi ninachosema ni kwamba kalamu ya wino si ya kila mtu. Wenye haraka, wanaokandamiza karatasi na watu wa mashoto wabaki na bolpeni. Wataharibu nibu, ile ncha ya chuma yenye mpasuko katikati, kisha lawama ziishie kwa kalamu ya bei nafuu.

Nuru
Watu wa mashoto tumekukosea nini, mzee? Utotoni nilichapwa vidole ili nihamie mkono wa kulia. Sikuhama. Leo naandika na Platinum Preppy ya 03, kalamu nafuu ya Kijapani yenye nibu nyembamba, na daftari langu halina alama ya kiganja hata moja.

Mzee wa Dawati
Binti, sikusema mchapwe. Nazungumzia maumbile ya kazi. Maandishi yetu yanatoka kushoto kwenda kulia: mkono wa kulia unaivuta nibu, wa kushoto unaisukuma. Nibu inayosukumwa hukwaruza, na kiganja kinapita juu ya wino mbichi. Hayo si maneno yangu, shika kalamu uone.

Fundi Mdogo
Hukwaruza kama ncha zake mbili hazijalingana, mzee. Zitazame kwa kioo cha kukuzia: moja ikiwa imepanda juu ya mwenzake, hata mkono wa kulia utaisikia. Na hapo ndipo unafuu wa bei unapoonekana, kwa sababu nyingi hazikaguliwi moja moja. Tone, kama yako imetulia, mshukuru Mungu. Nyingine hutoka zikiwa na mafuta ya kiwandani kwenye kile kipande chenye mifereji kilicho chini ya nibu, wino ukawa unakatika. Zioshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo kabla hujazitupa. Watu wanatupa kalamu nzima kwa kukosa kuiosha tu, inaniuma sana.

Na kwa taarifa, Lamy wenyewe wanatengeneza nibu za mashoto. Wangejisumbua kwa watu wasioweza?

Kibweta
Kuiga hakukuanza leo. Hero 616 ya Wachina iliiga Parker 51 ya Wamarekani, ile ya kabla ya vita kuu ya pili, na watu wamesomea hiyo Hero hadi wakahitimu.

Fundi Mdogo
Parker 51 ilitoka 1941, kaka. Vita vilikuwa vimeshaanza.

Kibweta
Sawa, 1941. Hoja yangu iko palepale.

Nuru
Tusimkimbize mzee kwenye Parker, bado nina neno naye. Mzee, umeeleza mtu anayeandika huku kiganja kikiburuza kwenye mstari. Mimi karatasi naiinamisha, mkono unakaa *chini* ya mstari, wino unabaki juu yake. Natumia nibu nyembamba kwa sababu inaacha wino kidogo unaowahi kukauka, na nachagua wino unaokauka upesi. Hayo nilijifundisha peke yangu, maana kila niliyemwuliza alinipa jibu kama lako.

Tone la Wino
Jamani, niliuliza habari za bei…

Nuru
Ndiyo ninayojibu, ndugu yangu. Mtu wa mashoto hajui atapatana na nibu ipi mpaka aandike nayo wiki kadhaa. Ukimwambia aanzie kwenye ya gharama, hataanza kabisa. Preppy yangu ya kwanza ilikuwa ya 05, yenye nibu nene zaidi, ikanichafua mkono. Sikupoteza kitu kikubwa, nikahamia 03. Kalamu kamili ni ile iliyokuwezesha kuandika.

Fundi Mdogo
Naongeza hapo: usitie wino wa kuchorea, ule wa Kihindi, kwenye yoyote, ghali au nafuu. Ukikauka ndani hautoki kwa maji.

Kibweta
Na asiyeosha kalamu hata ya dhahabu itamgomea.

Mzee wa Dawati
Nuru, nikuulize bila ubishi. Anayepinda kiganja juu ya mstari, mkono ukakaa kama ndoana, naye utamwambia ainamishe karatasi?

Nuru
Ndiyo, lakini pole pole. Aanze na mistari michache kwa siku, asilazimishwe. Wengine wanaandika vizuri na ndoana yao, wanahitaji tu wino unaokauka haraka. Kwa nini unauliza?

Mzee wa Dawati
Mjukuu wangu ana miaka kumi, anaandika hivyo. Alichukua kalamu yangu ya wino, ukurasa ukajaa weusi, nikamnyang'anya. Nilimwambia mkono wake hauiwezi.

Nuru
Mrudishie, babu. Leo hii.

Fundi Mdogo
Umpe na ya kwake, yenye nibu nyembamba. Akiiangusha hakuna atakayelia.