Mrejesho: Shairi la Kiebrania la kumsifu mhubiri, jina na mwaka vimepatikana

Wakuu, niliuliza namna ya kumjua mhubiri anayesifiwa katika shairi la Kiebrania lililoandikwa kwa mkono, karatasi isiyo na tarehe. Majibu yenu yamefungua kila kitu.

Herufi za mwanzo wa mistari, kutoka juu kwenda chini, ni Tsadi, Bet, Yod, He, Yod, Resh, Shin; zikisomwa pamoja ni jina Tsvi Hirsh (huandikwa pia Zvi Hirsch). Kwa kuwa kichwa kinataja Slutsk, mji ulioko Belarus, ni Zvi Hirsch Masliansky, aliyezaliwa huko mwaka 1856 na kuhamia Marekani 1895. Tahadhari: kwa mwandiko wa Ashkenazi (Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki), Tsadi hufanana na tarakimu 3, na Bet huchanganywa na Kaf. Ukikosea hapo, jina halipatikani.

Mwaka umefichwa mstari wa mwisho, kwenye herufi zenye nukta juu, kwani kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba: Tav 400, Resh 200, Nun 50, He 5. Jumla 655. Maelfu ya mwaka huachwa, kwa hiyo ni 5655 ya kalenda ya Kiyahudi. Ili kupata mwaka wa kalenda ya kawaida, ongeza 1240 kwenye 655 upate 1895 (mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, hivyo kwa miezi yake ya kabla ya Januari ongeza 1239).

Nukta ya Nun imefifia sana. Ukiiruka unapata 605, yaani 1845, kabla mhubiri hajazaliwa! Taa ya mkononi iliyolazwa pembeni mwa karatasi ilionyesha kishimo cha kalamu. Na tafadhali, karatasi ya aina hii msiiweke leminesheni. Joto na gundi huiharibu moja kwa moja.